Marejeo 64 na jarida limeyarudisha: nianzie wapi?

Swali: Mtaalamu shikamoo. Nimetuma makala yangu ya kwanza kwenye jarida moja la afya. Siku tatu tu imerudi, hata haijaenda kwa wapitiaji, wale wataalamu wanaoihakiki kabla ya kuchapwa. Mhariri kaandika kwamba marejeo hayafuati mtindo wa jarida, tena mengine yapo kwenye orodha ila hayaonekani ndani ya maandishi, nirekebishe ndani ya siku 14. Wao wanataka Vancouver, mimi niliandika kwa APA maana ndo tuliyofundishwa, na yote 64 nilichapa kwa mkono. Kuna njia ya haraka? Na kwa nini wahangaike na nukta na mikato wakati sayansi yenyewe bado hawajaisoma?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, pole, na hongera pia maana kumaliza makala mpaka kuituma si kitu kidogo. Kwanza nikutoe hofu, hujakataliwa. Makala kurudishwa mlangoni kwa sababu ya fomati ni jambo la kila wiki kwenye ofisi za majarida, na mhariri aliyekupa siku 14 anataka kazi irudi, asiyeitaka hakupi siku. Njia ya haraka ipo nitakuelekeza, ila kuna kitu kwenye barua ya mhariri umekipita mbio na mi naona ndo kizito kuliko yote, kwamba kuna marejeo kwenye orodha ambayo hayapo ndani ya maandishi. Hilo si suala la mkato. Mhariri akiona hivyo anajiuliza hii orodha imetoka wapi, huyu alizisoma hizi kazi au alikusanya majina tu, na akishaanza kujiuliza hivyo hata matokeo yako atayasoma kwa jicho lingine.

Kwa hiyo nianze na swali lako la mwisho, la kwa nini wanahangaika. Rejea ina kazi mbili. Ya kwanza ni kumfikisha msomaji kwenye chanzo kilekile ulichosoma we, si kinachofanana nacho. Ya pili ni kusema kwamba hili neno nimelitoa pale na pale pamesema hivi kweli. Ile mikato na nukta inahudumia kazi ya kwanza. Msomaji anayesoma makala mia kwa mwezi macho yake yameshazoea namba inayokuja baada ya mwaka ni juzuu, iliyo kwenye mabano ni toleo, inayofuata nukta mbili ni kurasa, ukimchanganyia anasimama kila mstari kufikiria. Na siku hizi si macho ya watu tu, kompyuta za wachapishaji nazo zinasoma orodha yako ili kuunganisha kila rejea na makala yake, ukiivuruga linki haishiki na yule uliyemnukuu hahesabiwi.

Hii mitindo yenyewe ina asili yake, na ukiijua haikusumbui tena. Ule wa jina na mwaka kwenye mabano watu wanaufuatilia mpaka 1881, kwa mwanazuolojia wa chuo kikuu cha Harvard aliyeitwa Edward Laurens Mark, aliyekuwa anaandika kuhusu konokono asiye na gamba, ndo maana mpaka leo wengi wanauita Harvard hata pale usipohusiana na chuo hicho. APA ni mtoto wa ukoo huo. Vancouver, ule wa namba, nao ulizaliwa 1978, wahariri wachache wa majarida ya tiba walikutana mjini Vancouver kule Kanada, walikuwa wamechoka kila jarida kudai fomati yake na mwandishi akikataliwa huku anachapa upya kila kitu ili apeleke kule, na enzi zile kuchapa ni taipureta. Kundi hilo ndo limekuja kuwa ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba. Yaani mtindo unaokutesa leo ulibuniwa kumpunguzia mwandishi mateso, na kwa kiasi kikubwa ulifaulu.

Tofauti yake na APA uione kwa macho. Chukua ile makala ya Watson na Crick ya 1953 kuhusu umbo la DNA. Kwa Vancouver inakaa hivi:

Watson JD, Crick FHC. Molecular structure of nucleic acids: a structure for deoxyribose nucleic acid. Nature. 1953;171(4356):737-8.

Kwa APA:

Watson, J. D., & Crick, F. H. C. (1953). Molecular structure of nucleic acids: A structure for deoxyribose nucleic acid. Nature, 171(4356), 737–738. https://doi.org/10.1038/171737a0

(Kwenye APA jina la jarida na namba ya juzuu huwa kwa herufi za mlazo.) Ona sasa, habari ni zilezile kasoro mpangilio. Vancouver haiweki nukta kwenye herufi za kwanza za majina, haiweki ile alama ya "na", mwaka unahamia mbele ya juzuu, kurasa zinafupishwa, 737-8 badala ya 737–738. Na jina la jarida linafupishwa kama ni refu, New England Journal of Medicine inakuwa N Engl J Med, ila jina la neno moja kama Nature au Science halifupishwi kamwe. Usijitungie vifupisho, kila jarida la tiba lina kifupisho chake rasmi kwenye katalogi ya maktaba ya taifa ya tiba ya Marekani, unaandika jina la jarida unakipata.

Idadi ya waandishi ndo inakamata wengi. APA toleo la 7, la 2019, inataka utaje hadi waandishi 20, wakizidi unataja 19 wa kwanza unaweka vidoti vitatu kisha wa mwisho. Majarida mengi ya Vancouver yanataja sita kisha et al. (yaani "na wenzao"), mengine yanayofuata mtindo wa AMA, chama cha madaktari wa Marekani, wakizidi sita wanataja watatu tu kisha et al. Kwa hiyo neno "Vancouver" peke yake halikutoshi, ni jina la ukoo, soma maelekezo ya waandishi ya jarida lako kisha fungua makala mbili tatu walizochapa mwaka huu uone wanafanyaje kweli, maana mara nyingine maelekezo yanasema hivi na makala zao zinaonyesha vile. Zikipingana mi hufuata makala zilizochapwa karibuni.

Haya, njia ya haraka. Usibadilishe kwa mkono hata moja. Najua kishawishi ni kikubwa, unajiambia 64 si nyingi nitakaa usiku mmoja nitamaliza, utamaliza kweli, kisha mpitiaji atakwambia ongeza rejea moja kwenye utangulizi na kwa sababu Vancouver inahesabu kwa mpangilio wa kutokea, ile mpya ikiwa ya 4 basi ya 4 ya zamani inakuwa ya 5 na zote 60 za nyuma yake zinasogea, kwenye maandishi na kwenye orodha. Hapo ndo marejeo yanapoanza kuelekeza pasipo, na makosa ya aina hiyo hayaonekani kwa macho, kila namba ipo ila imeshika makala ya jirani.

Tumia programu ya kutunza marejeo. Zipo kadhaa, EndNote ya kulipia, Mendeley ya Elsevier, JabRef kwa wanaoandika kwa LaTeX (mfumo wa kupanga maandishi kwa amri badala ya Word), ila kwa mtu anayeanza na anayetumia Word mi nampa Zotero bila kusita. Ni ya bure, ilianzia chuo kikuu cha George Mason mwaka 2006, na data zako unaweza kuzitoa muda wowote ukahamia kwingine. Isakinishe, ikishakaa utaona kwenye Word imeongeza menyu yake.

Sasa marejeo 64 uliyochapa kwa mkono yataingiaje bila kuanza moja moja? Kitu cha kutafuta ni DOI ya kila makala. DOI ni kitambulisho cha kudumu cha makala, kinaanza na 10 na nukta, hata mchapishaji akihamisha tovuti DOI inabaki ileile inaelekeza kwenye anwani mpya. Crossref, shirika linalosajili DOI za majarida tangu 2000, wana ukurasa wa bure unaitwa Simple Text Query, unakopi orodha yako nzima kama ilivyo, unaipesti pale, inakurudishia kila rejea na DOI yake kama imeipata. Kisha nenda Zotero kuna kitufe chenye picha ya kifimbo, kinapokea DOI, na namba za PubMed (hifadhidata ya makala za tiba), na ISBN za vitabu, unaweza kupesti nyingi kwa mpigo, zinaingia na majina na mwaka na juzuu na kila kitu. Kazi ya wiki inakuwa kazi ya asubuhi moja.

Na zile ambazo Crossref haikuzipata usizipuuze, ziweke pembeni kwenye karatasi. Nyingine ni vitabu, ripoti, tasnifu, makala za zamani, hizo utaziingiza mwenyewe. Nyingine ni ulikosea mwaka au jina. Ila kuna uwezekano wa tatu ambao nitaurudia huko chini, kwamba makala hiyo haipo duniani.

Zikishaingia zote, kabla hujagusa Word, pitia kila moja ndani ya Zotero. Hapa ndo watu wanaruka kisha wanalaumu programu. Programu inapanga tu kile ilicholishwa. Ukiilisha jina la makala lililoandikwa lote kwa herufi kubwa, itakutolea kelele hizo hizo kwenye orodha, na metadata, yaani taarifa za makala, za wachapishaji wengi hasa za makala za zamani ziko hivyo. Weka vichwa vyote kwa mtindo wa sentensi, herufi kubwa mwanzo tu na kwenye majina maalum, maana Zotero inaweza kupandisha herufi pale mtindo unapotaka ila kuzishusha haiwezi, haijui lipi ni jina la mtu. Majina ya kisayansi ya viumbe yakae mlazo, kwenye kichwa unazungushia <i> mwanzoni na </i> mwishoni, mfano <i>Plasmodium falciparum</i>, kwenye orodha itatokea vizuri.

Taasisi ikiwa mwandishi ni balaa la peke yake. Nimepitia miswada mingi nikakuta mwandishi anaitwa "Organization WH", mtu wa nje atadhani ni mtu kumbe ni World Health Organization, programu imedhani Organization ni jina la ukoo. Pale kwenye fildi ya mwandishi kuna kitufe kidogo cha kuunganisha fildi mbili kuwa moja, bofya hapo uandike jina la taasisi zima. Kwa mnaotumia BibTeX, faili la marejeo la wale wa LaTeX, jina la taasisi mnalizungushia mabano ya mawimbi mara mbili.

Na majina ya watu tafadhali yaheshimu. Tu Youyou, yule mama wa Uchina aliyepata Nobeli ya tiba 2015 kwa artemisinini, Tu ndo jina la ukoo, kwenye orodha ni Tu Y, si Youyou T. Santiago Ramón y Cajal ukoo wake ni Ramón y Cajal wote, anakaa kwenye R, watu wanamkata wanamwita Cajal. Mtu akinukuliwa kwa jina la kukosea mara kumi anakuwa watu wawili kwenye kumbukumbu za kisayansi na kazi yake inagawanyika, ndo sababu moja ya kuanzishwa ORCID mwaka 2012, kila mtafiti awe na namba yake. Na we kama huna jiandikishe, ni bure, majarida mengi yatakuomba.

Baada ya hapo ndo uende Word. Chagua mtindo, usiishie kwenye "Vancouver" wa jumla, tafuta kwenye hazina ya mitindo ya Zotero kwa jina la jarida lako lenyewe, iko zaidi ya 10,000 na uwezekano mkubwa wako upo. Kisha anza mwanzo wa makala, kila ulipoandika (Fulani, 2016) futa, ingiza rejea kutoka Zotero. Zikiwa tatu sehemu moja ziingize zote kwenye kisanduku kimoja, usiziweke moja moja kwa kufuatana, ukiziweka pamoja zitajikunja zenyewe kuwa 3-5, ukizitenganisha utapata [3][4][5] na mhariri atakurudishia. Ukimaliza ingiza orodha mwishoni, itajijenga yenyewe. Na hapa tatizo lako la marejeo yaliyopo kwenye orodha ila hayamo ndani linaisha lenyewe, maana Zotero inaorodhesha tu ulichokinukuu. Ile orodha yako ya zamani ibaki nayo pembeni, linganisha, rejea iliyopotea jiulize ilikuwa inafanya nini pale, kama kuna hoja ilikuwa inaishikilia irudishe mahali pake, kama haikuwa na hoja iache iende.

Usirekebishe orodha kwa mkono ndani ya Word. Ukiona kosa rudi Zotero urekebishe kule kisha bofya kuhuisha, la sivyo mara nyingine programu ikihuisha marekebisho yako yote yanafutika.

Kitu kidogo ambacho karibu kila mtu anakosea ni majedwali. Marejeo yaliyomo kwenye jedwali au maelezo ya picha pekee yanahesabiwa kulingana na pale jedwali lilipotajwa mara ya kwanza kwenye maandishi, si pale lilipowekwa. Kama Jedwali la 1 umelitaja aya ya nne na rejea ya mwisho kabla ya hapo ni 17, basi za ndani ya jedwali zinaanzia 18, hata kama jedwali lenyewe umelibandika ukurasa wa mwisho wa faili. Namba ikae wapi kuhusiana na nukta, kabla au baada, mabano mraba au ya duara au namba ndogo ya juu, hayo kila jarida na lake, mtindo uliouchagua utakufanyia sehemu kubwa.

Sasa nije kwenye ile kazi ya pili ya rejea, ambayo hakuna programu itakufanyia, na mdogo wangu ukisahau yote niliyoandika hapo juu hili usilisahau.

Kulikuwa na rejea ya mfano kwenye templeti ya mchapishaji mkubwa, makala ya kubuni kuhusu sanaa ya kuandika makala ya kisayansi, imewekwa pale ili kuonyesha mpangilio tu, na jarida lenyewe halijawahi kuwepo. Hiyo makala isiyokuwepo ilikuja kukutwa imenukuliwa mamia ya mara kwenye kazi halisi. Wengi walisahau tu kuifuta kwenye templeti, ila ilipita kwa waandishi, kwa wapitiaji na kwa wahariri, kwa sababu fomati yake ilikuwa safi kabisa. Fomati safi haimaanishi kitu kipo.

Mfano wa pili unauma zaidi. Mwaka 1980 New England Journal of Medicine ilichapa barua fupi ya sentensi tano, ikisema kati ya wagonjwa 11,882 waliopewa dawa za maumivu jamii ya afyuni ni wanne tu walioonekana kupata uraibu. Wagonjwa wale walikuwa wamelazwa hospitalini, wanaangaliwa. Miaka ikaenda, watu wanainukuu barua ile kama ushahidi kwamba uraibu wa dawa hizi ni nadra hata kwa mtu anayezimeza nyumbani miezi na miezi. Mwaka 2017 watafiti wa Kanada walihesabu wakakuta imenukuliwa mara 608, zaidi ya asilimia 70 ya walioinukuu waliitumia kama ushahidi huo, na asilimia 80 hawakutaja kabisa kwamba wagonjwa walikuwa wodini. Unajua janga la dawa hizo Marekani lilivyoua watu. Barua yenyewe haikusema uongo, waliokuwa wanainukuu ndo walikuwa hawaifungui, sentensi tano tu hazikufunguliwa.

Utasema hao ni wengine. Mimi mwenyewe nikiwa mchanga nilinukuu makala moja kwa kuitoa kwenye makala ya mtu mwingine, nikaandika kiwango cha maambukizi kilishuka. Mpitiaji akaniandikia kwa upole kwamba ukurasa fulani wa makala ile unasema kilipanda. Nilikwenda kuifungua, kweli kilipanda. Yule niliyemkopi alikosea na mi nikalibeba kosa lake nikalipa jina langu. Toka siku hiyo sijanukuu kitu ambacho sijafungua faili lake, na kama siwezi kuipata makala ya asili nasema wazi nimeisoma ikinukuliwa na fulani, na ninayemweka kwenye orodha ni huyo fulani niliyemsoma.

Kwa hiyo ukiwa unaingiza rejea moja moja kwenye Word, fungua na makala yake. Huna haja ya kuisoma yote upya, tafuta ile sentensi au lile jedwali linalobeba hoja yako, hakikisha namba ni hiyo, kundi la watu ni hilo, na waandishi walihitimisha walivyohitimisha, kisha kwenye fildi ya maelezo ya Zotero andika ukurasa. Rejea 64 kwa dakika kumi kumi ni kama masaa kumi na moja, siku mbili tatu za kazi, na siku 14 unazo.

Hapohapo angalia kama makala haijafutwa. Makala zinafutwa na majarida baada ya kuchapwa, kwa makosa au kwa udanganyifu, na zikifutwa watu wanaendelea kuzinukuu miaka. Ile ya Wakefield ya 1998 kwenye jarida la Lancet iliyohusisha chanjo na usonji ilifutwa 2010. ICMJE wanasema wazi ni jukumu la mwandishi kuhakikisha hanukuu makala iliyofutwa isipokuwa anapozungumzia kufutwa kwenyewe. Habari njema ni kwamba Zotero inakagua yenyewe kwa kutumia kumbukumbu za Retraction Watch, wanaofuatilia makala zilizofutwa, ukiona ukanda mwekundu juu ya makala usiupite.

Na zile ambazo Crossref haikuzipata, nilisema nitarudi. Kama kuna yoyote uliipata kwa kuuliza programu za akili mnemba, naomba uitafute kwa mikono yako, kwenye PubMed, kwenye tovuti ya jarida lenyewe, juzuu hiyo toleo hilo ukurasa huo. Programu hizi zinatunga marejeo yenye majina ya watafiti wa kweli, jarida la kweli, hata DOI yenye sura nzuri, ila ukiibofya haifunguki au inafungua makala ya mambo mengine kabisa. Sikushutumu, sijui ulizipataje, ila nimeshayaona kwenye miswada ya watu waaminifu kabisa waliodhani wamepewa makala za kweli, na mhariri akikuta moja hatakuwa na sababu ya kuziamini zile 63.

Vitu vidogo vilivyobaki. Priprinti, yaani makala zilizowekwa mtandaoni kabla ya mapitio, zile za medRxiv au bioRxiv, unaweza kunukuu kama jarida linaruhusu, ila sema ni priprinti, na kabla ya kutuma angalia kama imeshachapwa rasmi maana ikichapwa unanukuu iliyochapwa, matokeo huwa yanabadilika baada ya mapitio. Tovuti weka tarehe uliyoifungua. Makala iliyokubaliwa haijatoka inanukuliwa kama itakayotoka, iliyotumwa tu bila kukubaliwa haiingii kwenye orodha. Mazungumzo ya mtu binafsi yakae kwenye mabano ndani ya maandishi pamoja na jina na tarehe, kwa ruhusa yake ya maandishi, na kama unaweza kuyaepuka yaepuke.

Kabla ya kutuma, tengeneza nakala mbili za faili. Moja ibaki hai na fildi zake za Zotero, hiyo ndo mama, utaihitaji wapitiaji wakirudisha. Nyingine katisha uhusiano na Zotero, marejeo yawe maandishi ya kawaida, ndo unayotuma, maana mifumo ya majarida mara nyingine inavuruga zile fildi. Na mwandishi mwenzako akitaka kurekebisha mpe ile hai na mwambie asiifungulie kwenye programu nyingine akaihifadhi huko, wengi wamepoteza fildi zote hivyo.

Kwenye barua ya kujibu mhariri usijitetee kuhusu APA, mweleze ulichofanya: marejeo yote yamepangwa kwa mtindo wa jarida, kila moja limehakikiwa dhidi ya chanzo chake, manne yameondolewa kwa sababu hayakuwa na hoja yaliyokuwa yanaishikilia, au ni mangapi utakayokuta. Na kama ukifungua chanzo ukagundua hoja uliyoandika haikuwa sawa, ibadilishe na umwambie umeibadilisha aya gani, usiifiche. Ukiona siku 14 hazitoshi mwandikie siku ya kumi uombe wiki moja zaidi, usingoje siku ya 15 ipite.